Usianze na jua katikati: jinsi ya kufundisha historia ya modeli za mwendo wa sayari bila kuwalaza madogo

Kama unafundisha Fizikia au Jografia sekondari unaijua ile mada ya mfumo wa jua, inafika muda umebana na mtihani unanukia, basi unachora maduara ubaoni, jua unaliweka katikati, unaandika Utaridi Zuhura Dunia Mirihi Mshtarii Zohali na wale wawili wa mwisho, halafu unamalizia na sentensi moja kwamba zamani watu walidhani dunia iko katikati ila akaja Copernicus akawasahihisha. Imeisha hiyo, dakika 40 zimetosha na chenji imebaki.

Nimefundisha hivyo miaka kadhaa na siwezi kujitetea. Siku moja nikamuuliza mwanafunzi wa mbele kabisa, yule ambaye mkono wake haushuki, "umejuaje kwamba dunia ndo inazunguka jua na sio jua linaizunguka dunia?" Akaniangalia kama nimechanganyikiwa. "Si kitabu kimeandika, ticha."

Sasa jibu hilo hata mwanafunzi wa mwaka 1300 angelitoa, tena kwa kujiamini, maana naye kitabu chake kilikuwa kimeandika kwamba dunia imetulia. Tangu hapo nikabadilisha mada yote. Naipa vipindi vitano vya dakika 40, na kanuni ni moja tu: hakuna kuambiwa nani yuko sahihi mpaka darasa lenyewe lishindwe kumtetea aliyekosea. Hela haihitajiki, vifaa ni kamba, chokaa au majivu, karatasi za A4, mkebe wa hisabati, pini mbili, kipande cha boksi, mpira na taa moja.

Kipindi cha 1: wewe ndo wakili wa dunia iliyotulia

Ingia darasani ukiwa upande wa Ptolemy, yule mtaalamu wa nyota wa zamani aliyeiweka dunia katikati, na usicheke. Waambie leo mimi nasema dunia haitembei, anayebisha alete ushahidi. Watakaosema "satelaiti zimepiga picha" waambie tuko mwaka 150, mjini Alexandria, Misri, hakuna satelaiti wala darubini, kuna macho na hesabu tu.

Halafu anza kuwabana. Kwanza lugha yenyewe iko upande wako, jua linachomoza, jua linatua, jua la utosi, hata saa zetu tunahesabu kuanzia jua linapotoka. Pili rusha chaki juu wima ikurudie mkononi. Uliza, kama ardhi inakimbia mbona chaki haijadondokea darasa la jirani? Hapa kwetu karibu na ikweta ardhi ingekuwa inakwenda kama kilomita 1,670 kwa saa, basi gani hilo la kwenda hivyo na abiria hata hawapepesuki? Kuna mmoja atasema mbona hata kwenye basi ukirusha korosho inarudi mkononi. Huyo mpongeze sana, ameifikia hoja ya Galileo mwenyewe, ila usimalizie, sema tu "andika hiyo, tutairudia".

Hoja ya tatu ndo nzito na ndo wengi tunairuka. Waambie wanyooshe kidole gumba mbele, wafunge jicho la kushoto, kisha la kulia. Kidole kinaruka. Hiyo ni paralaksi, ukibadilisha mahali pa kutazamia kitu cha karibu kinaonekana kuhama ukilinganisha na cha mbali. Sasa kama dunia inazunguka jua, Januari tuko upande huu na Julai tuko upande wa pili kabisa, kwa hiyo nyota za karibu zingetakiwa ziruke kama kidole. Wayunani walilijua hilo, wakatazama, nyota hazikuruka. Aristarko wa Samos alishasema karne ya 3 kabla ya Kristo kwamba jua ndo liko katikati, wazo lilikuwepo zamani sana, na sio kwamba watu walikuwa wajinga ndo maana wakalikataa, walilikataa kwa hoja nzuri. Kuruka kwenyewe kupo ila ni kudogo mno, mtu wa kwanza kukupima vizuri ni Bessel, mtaalamu wa nyota wa Ujerumani, mwaka 1838. Yaani hoja ya Wayunani haikuwa na kasoro, kilichowaponza ni kutojua nyota ziko mbali kiasi gani.

Maliza kipindi ukiwa umeshinda. Waende nyumbani wameudhika, ndo unachotaka.

Kipindi cha 2: sayari inayorudi nyuma, nje uwanjani

Anza na neno lenyewe. Sayari limetoka kwenye Kiarabu, shina lake ni kutembea, ndo maana Waarabu leo hata gari wanaliita sayyara. Wayunani nao neno lao maana yake ni mtangaji, mzururaji. Linganisha na nyota za kawaida: wazee wa pwani walisema Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, na mkulima aliweza kupangia shamba lake kwa hilo kundi la nyota kwa sababu kila mwaka linarudi palepale. Mirihi hailimiki. Inakwenda mbele kati ya nyota miezi na miezi, halafu inapunguza mwendo, inasimama, inarudi nyuma kama miezi miwili na zaidi, inasimama tena, inaendelea mbele. Inarudia kila baada ya siku kama 780. Kama una simu yenye Stellarium (programu ya kuonyesha anga, ni ya bure) waonyeshe Desemba 2024 ilivyosimama na ikarudi nyuma mpaka mwisho wa Februari 2025. Hilo ndo tatizo ambalo modeli zote zilitengenezwa kulitatua. Mwanafunzi asipoliona tatizo, majibu yote yanakuwa ni majina ya wazungu waliokufa.

Sasa nje. Jua ni mtu mmoja amesimama. Chora kwa chokaa sehemu ya duara la mita 4 (Dunia) na la mita 6 (Mirihi). Uwiano halisi ni 1 kwa 1.52, 4 kwa 6 inatosha. Kila duara lina vituo 7. Dunia inasogea nyuzi 30 kila kituo, Mirihi nyuzi 16, huo ni mwendo wa mwezi mmoja mmoja kwa makadirio, wote wanazunguka kinyume cha saa. Panga hivi: kituo cha 1 Mirihi imetangulia kwa nyuzi 42, kila hatua Dunia inapunguza 14, kituo cha 4 wamelingana mstari mmoja na Jua, kituo cha 7 Dunia imetangulia kwa 42. Mwanafunzi wa Dunia kila kituo anafumba jicho moja, anamtazama Mirihi, anasema kwa sauti nyuma yake kuna nini, mwembe, mlingoti, mnara wa simu, na karani anaandika.

Mara ya kwanza nilifanya kwenye uwanja wa paredi tukitazama ukuta wa darasa, ukuta uko kama mita 20 hivi kutoka kwa Jua, na Mirihi ikagoma kurudi nyuma. Ilisogea kama nusu mita upande huu na nusu mita upande ule, watoto wakasema haijarudi, ni fulani katingishika. Nilirudi ofisini nimenywea kabisa mpaka nilipokaa kuchora ndo nikaona kosa: ukuta uko karibu mno. Nyota haziko karibu. Kwa hiyo kituo cha 4 kielekeze upande wenye upeo wa mbali, vilima, miti ya ng'ambo ya bonde, minara. Uwanda wa kama nyuzi 20 unatosha. Tulivyogeukia vilima Dunia akaanza kutaja: mti, mnara, nyumba ya bati, halafu mnara tena! Na darasa zima likaguna. Na kosa langu nalo linaingia kwenye somo, maana ndo ile ile paralaksi ya jana.

Mfano wa kuwaambia hapohapo ni basi. Uko kwenye basi mnaovateki lori, lori linakwenda mbele kama nyie, ila ukilitazama dirishani ukilinganisha na milima ya mbali linaonekana linarudi nyuma. Mirihi ni lori. Mtoto yeyote aliyewahi kusafiri barabara kuu ameshaliona hili, hakuhitaji darubini.

Kipindi cha 3: modeli mbili, jibu moja

Hiki ndo kipindi changu ninachokipenda kuliko vyote na ndo ambacho vitabu vingi havina.

Kila mwanafunzi anachora yale yale ya uwanjani kwa bikari, sentimita 4 na 6, vituo 7, mstari wa kituo cha 4 uende mlalo kulia, anaunga Dunia na Mirihi kila kituo na kupima pembe ya mstari huo juu au chini ya mlalo. Majibu yako ya kusahihishia ni haya kwa makadirio: chini 6.5, juu 5, juu 8.5, sifuri, chini 8.5, chini 5, juu 6.5. Unaona inavyopanda, inageuka, inashuka, inageuka tena.

Karatasi ya pili ni ya Ptolemy. Dunia iko katikati, imetulia. Duara kubwa la sentimita 6, na juu ya duara kubwa kuna kitovu cha duara dogo la sentimita 4, Mirihi inazunguka kwenye hilo dogo. Kituo cha 1 kitovu cha duara dogo kiko nyuzi 48 chini ya mlalo na Mirihi iko juu wima ya hicho kitovu. Kila hatua kitovu kinasogea nyuzi 16, na Mirihi inageuka nyuzi 30 kinyume cha saa ikipimwa kutoka upande uleule wa karatasi. Sisitiza hapa, pembe ya 30 isipimwe kutoka kwenye mstari wa kitovu, ipimwe kutoka kwenye mlalo wa karatasi, wengi wanakosea hapo halafu wanakuja kusema Ptolemy muongo. Kituo cha 4 Mirihi inaingia ndani, katikati ya Dunia na kitovu. Sasa wapime pembe kutoka Dunia.

Namba zinatoka zilezile. Zote saba.

Nyamaza kidogo. Waache walinganishe na majirani zao. Halafu waambie Ptolemy kwenye kitabu chake, Almagest, aliipa Mirihi duara kubwa la 60 na dogo la 39.5, na ukigawa unapata 0.658, wakati umbali wa Dunia kutoka kwa jua ukigawa kwa wa Mirihi unapata 0.656. Yule mzee alikuwa ameupima mzingo wa dunia bila kujua, akaubandika kwa Mirihi. Ndo maana modeli yake ilitumika miaka karibu 1,400, mtu anayekwambia ilidumu kwa sababu watu waliogopa kanisa hajawahi kushika bikari.

Basi swali la darasa linabadilika. Sio nani ana jibu sahihi tena, ni tutachaguaje kama wote wana jibu. Hapo ndo unamleta Copernicus, na ulete kwa haki. Kitabu chake kilitoka 1543 mwaka aliokufa, na hakikuwa sahihi sana kuliko cha Ptolemy, naye bado alitumia maduara na viduara kwa sababu aliamini mwendo wa mbinguni lazima uwe wa duara. Alichopata ni mpangilio. Kwa Ptolemy ni bahati tu kwamba Mirihi, Mshtarii na Zohali zinarudi nyuma pale zinapokuwa upande wa anga ulio mkabala na jua, sisi tukiwa katikati, kwa Copernicus haiwezi kuwa vingine, maana ndo wakati tunaziovateki. Na ukiweka jua katikati umbali wa kila sayari unajitokeza wenyewe, aliye mbali anakwenda polepole, hakuna aliyepangwa kwa kubahatisha.

Kabla hujaenda mbali, kuna watu katikati hapa ambao usiwaruke. Ptolemy alikuwa na ujanja mmoja unaitwa ekwanti, kitovu cha duara dogo kinakwenda mwendo sawa ukikitazama sio kutoka katikati ya duara wala kutoka duniani ila kutoka nukta nyingine pembeni. Ulifanya kazi lakini ulikera. Ibn al-Haytham aliandika kitabu kizima cha mashaka yake juu ya Ptolemy. Nasir al-Din al-Tusi, aliyeongoza kituo cha kutazama nyota cha Maragha kilichoanzishwa 1259 huko Uajemi, akatoa dawa: duara linalobingirika ndani ya duara lenye ukubwa mara mbili, nukta kwenye ukingo wa lile dogo inakwenda mstari mnyoofu. Kata boksi, tundu la kipenyo cha sentimita 20, kisahani cha sentimita 10, weka alama ukingoni, kibingirishe taratibu bila kuteleza. Darasa haliamini mpaka lione. Na Ibn al-Shatir wa Damascus, mtu wa kupanga nyakati za sala kwenye Msikiti wa Umawi karne ya 14, alitengeneza modeli ya mwezi ambayo kihesabu ni sawa na ile iliyokuja kuonekana kwa Copernicus. Kwa madogo ambao tangu wazaliwe wanaita sayari Zuhura na Zohali, majina ya Kiarabu hayo, hii sio historia ya ugenini kabisa.

Kipindi cha 4: Zuhura inamvua Ptolemy nguo

Ziba madirisha kwa kanga, weka taa katikati ya darasa, hiyo ni jua. Mmoja ashike mpira mweupe azunguke taa, wengine wakae kona moja, hao ni watazamaji wa Dunia. Mpira ukiwa ng'ambo ya taa unaonekana mdogo na umejaa mwanga, ukisogea upande wetu unakuwa mkubwa na mwembamba kama mwezi mwandamo. Kisha fanya kwa modeli ya Ptolemy, ambapo Zuhura siku zote iko upande wetu wa jua na inazunguka kwenye duara lake dogo. Mpira usipite nyuma ya taa hata mara moja. Haujai kamwe.

Hapa sasa ndo modeli mbili zinaachana kwa mara ya kwanza kwenye kitu kinachoonekana. Galileo aliitazama Zuhura kwa darubini mwishoni mwa 1610 akaiona inapita hatua zote kama mwezi, na ukubwa wake unabadilika kama mara sita. Ptolemy kwisha.

Lakini usishangilie, tega mtego. Uliza: kwa hiyo Copernicus kashinda? Wote watasema ndiyooo. Mlete Tycho Brahe, mdenmark aliyepoteza kipande cha pua kwenye pambano la panga na akavaa cha chuma (madogo hawasahau hiyo, sijui kwa nini). Yeye alisema sayari zote zinazunguka jua, halafu jua pamoja na msafara wake wote linaizunguka Dunia. Zuhura itajaa? Itajaa. Itarudi nyuma Mirihi? Itarudi. Paralaksi haionekani? Ndo vizuri, Dunia imetulia. Kwa ushahidi uliokuwepo mwaka 1611 mtu mwenye akili zake timamu angeweza kabisa kusimama na Tycho. Mwanafunzi akielewa hapo amekomaa.

Maswali ya dini yatakuja kipindi hiki, usiyakimbie na usiyageuze vita. Galileo alihukumiwa Roma 1633, ni kweli, ila Copernicus mwenyewe alikuwa mtu wa kanisa na kitabu alikielekeza kwa Papa, Ibn al-Shatir alikuwa mtu wa msikiti, Kepler (utamkuta kipindi kijacho) alisomea theolojia. Sema hayo na uendelee na mpira.

Kipindi cha 5: dakika 8

Kepler mpe kipindi kizima, ukiweza hata kimoja na nusu. Tycho kwenye kisiwa cha Hven alipima nafasi za sayari kwa macho matupu miaka ishirini, kwa usahihi wa kama dakika 1 au 2 za nyuzi (nyuzi moja ina dakika 60). Alipokufa 1601 huko Prague vipimo vikabaki kwa Kepler. Kepler akapambana na Mirihi miaka, anasema mwenyewe hesabu moja aliirudia walau mara 70, na kwa mikono, hakuna kalkuleta. Akapata mzingo wa duara uliokubaliana na Tycho kila mahali isipokuwa sehemu fulani ulikosea kwa dakika 8.

Dakika 8 ni nini? Waambie mwezi mpevu upana wake ni kama dakika 30. Kwa hiyo ni robo tu ya upana wa mwezi. Wengine wote wangesema inatosha, tufunge kazi. Kepler akasema Tycho hawezi kukosea kiasi hicho, akatupa duara lililoheshimiwa miaka 2,000, akaja na duaradufu, yaani duara lililobanwa kidogo, na hiyo ndo sheria yake ya kwanza. Ilitoka 1609.

Sasa wachoreshe, na hapa vitabu vinatudanganya sana. Pini mbili kwenye boksi, uzi uliofungwa kitanzi, penseli inakaza uzi na kuzunguka. Kwa Mirihi halisi, ukichukua nusu ya mhimili mrefu iwe sentimita 10, pini zikae mbali kwa milimita 19 hivi na kitanzi kiwe na mzunguko wa sentimita 21.9. Wachore, halafu waambie wapime upana na urefu kwa rula. Watashindwa kuona tofauti, kwa sababu upana unapungua chini ya milimita 1 kati ya sentimita 20! Kile kiyai kilichochorwa kwenye kitabu hakipo angani. Kinachoonekana wazi ni kwamba jua (pini moja) limekaa pembeni, sio katikati. Na bado Kepler aliipata ile tofauti ya unywele kutoka kwenye vipimo vya macho matupu. Kwa Dunia pini zingekuwa mbali milimita 3 tu, angeanza na Dunia asingeona kitu, bahati yake alipewa Mirihi.

Sheria ya pili, kwamba sayari ikiwa karibu na jua inakimbia zaidi, inaonekana kwenye kalenda ya ukutani. Wahesabu siku kutoka 21 Machi mpaka 23 Septemba, halafu 23 Septemba mpaka 21 Machi. Watapata 186 na 179. Nusu ya pili ni fupi kwa wiki nzima kwa sababu Januari mwanzoni ndo tuko karibu zaidi na jua. Wengi watashtuka kwamba karibu na jua na joto sio kitu kimoja, huko Ulaya wakati huo wanatetemeka kwa baridi, hapo una daraja zuri la kwenda kwenye majira.

Sheria ya tatu (1619) ni ya kalkuleta. Umbali ukiwa katika vipimo vya Dunia-jua na muda katika miaka, umbali kwa kipeo cha tatu ni sawa na muda kwa kipeo cha pili. Mshtarii 5.20 na 11.86. Zuhura 0.723 na 0.615. Zohali 9.54 na 29.46. Gawa makundi kila kundi sayari moja, waandike ubaoni kimya kimya, zinavyolingana zote safu mbili ubao mzima watu wanaanza kupiga meza.

Ukibaki na dakika tano wasimulie kwamba Kepler huyuhuyu mama yake alishtakiwa kwa uchawi, akafungwa zaidi ya mwaka, na mwanawe akaacha hesabu akaenda kumtetea mpaka akaachiwa 1621. Darasa langu lilikaa kimya sana kwenye hiyo.

Newton nampitia haraka kwa sababu atarudi kwenye mada ya mvutano: 1687, nguvu moja inayoshusha embe ndo inayoshikilia mwezi, na sheria tatu za Kepler zinatoka humo kihesabu. Ila nawapa jozi moja ya stori. Mwaka 1846 Le Verrier, mtaalamu wa nyota wa Ufaransa, alitumia sheria za Newton kusema mahali pa kutafuta sayari isiyojulikana, wakaikuta Neptuni chini ya nyuzi 1 kutoka alipoelekeza. Baadaye Utaridi nayo ikawa inakwenda mrama kidogo, sekunde 43 za nyuzi kwa karne nzima, akatumia njia ileile, akatabiri sayari nyingine karibu na jua, ikapewa mpaka jina, Vulcan. Ikatafutwa, haipo. Jibu lilikuja 1915 kwa Einstein, na safari hii iliyobadilika ni sheria yenyewe.

Mtihani na daftari

Swali langu la mtihani siku hizi sio "taja sheria tatu za Kepler". Nauliza: "Wewe ni mwanafunzi wa Tycho mwaka 1600. Rafiki yako anamfuata Copernicus. Mwandikie barua ya kumpinga kwa hoja mbili ambazo yeye hawezi kuzijibu kwa ushahidi wa wakati huo." Kusahihisha inachosha lakini unajua papo hapo nani kaelewa na nani kakariri.

Na kuna kazi ya muda mrefu unaweza kuipanga sasa hivi. Mirihi inarudi nyuma tena kuanzia Januari 2027 mpaka mwishoni mwa Machi, na Februari itakuwa inachomoza wakati jua linazama, inang'aa nyekundu usiku kucha kwenye kundi la Simba. Kila mwanafunzi awe na daftari, mara moja kwa wiki achore Mirihi na nyota tatu nne zilizo jirani, umbali apime kwa ngumi akiwa amenyoosha mkono (ngumi ni kama nyuzi 10, kidole kidogo ni kama 1). Itarudi nyuma zaidi ya ngumi moja na nusu. Waanze shule ikifunguliwa tu Januari wasisubiri, maana masika yakishaingia Machi mawingu yatawaharibia mwisho wake, na wa bweni wapange zamu na matroni mapema ili wasikamatwe wako nje usiku.